Bima ya Mtu Mmoja

Siku hizo sakafu zilipima uzito wa kila aliyeingia, na nyumba yenye nyufa ilikatiwa bima kwa sharti moja: asikanyage ndani ila mwenyewe peke yake. Bi Saumu, mjane, alikubali, akanunua nyumba moja ya namna hiyo huko Lushoto.

Siku moja bintiye Mwajabu akapiga hodi, mtoto mchanga mgongoni.

"Karibu, mwanangu," Bi Saumu aliitikia kwa mazoea.

Mwajabu alipogusa kizingiti, ukuta ukanena: "Mgeni akiingia, bima inakatika."

"Basi mlete dirishani, nimwone mjukuu wangu."

Bi Saumu alimbeba hivyo hivyo, mikono yake imetokeza nje ya dirisha, mpaka mvua ikaanza kumlowesha mtoto, na Mwajabu akaaga.

Bi Saumu akafunga dirisha.

"Ahsante, Bi Saumu," ukuta ulisema kwa upole. "Sasa tuko salama."