Kadi Ndani ya Soksi

"Ikigoma tena, kabidhi funguo uende zako," meneja alimwambia fundi wa kompyuta mbele yetu wauguzi wote.

Seva ya hospitali ilikuwa inakataa mfumo mpya tangu asubuhi, kila mara ikikwama palepale. Fundi akaisoma skrini, akacheka peke yake. Mfumo mpya hauitambui kadi inayounganisha diski. Kadi ileile ya bei poa aliyoileta meneja badala ya ile ya zamani; tulipopiga kelele tukaambiwa tunajifanya wajuaji. Mimi sijasahau.

Fundi, dada wa watu, akafungua droo, akatoa soksi ya mtoto. Ndani yake mlikuwa na kadi ya zamani, haina hata chembe ya vumbi.

"Kumbe uliitunza?" nikamuuliza.

"Nilijua tutaitafuta, dada'angu."

Akazima, akachomoa ile ya meneja, akapachika ya zamani, akawasha. Tukaikodolea macho skrini. Asilimia zikapanda hadi pale pa kukwama, zikapita bila kusita. Kwa raha nikakaa sakafuni na sare yangu nyeupe.

Fundi akaitumbukiza kadi ya meneja ndani ya soksi, akamnyooshea.

"Shika, bosi. Funguo nabaki nazo."