Mstari wa Kinyozi

Siku ya kujitambulisha ukweni, Mbarouk alipitia kwanza kwa kinyozi. Nywele zilikuwa zimeanza kumrudi nyuma pembeni mwa paji, pande zote mbili, na mchumba wake Nasriya alizipenda pembe zile. Sasa, akiwa amesimama mlangoni na jagi la kunawishia wageni, aliziona zimezibwa kwa rangi nyeusi, mstari umenyooka kama wa rula.

Mchuzi ulikuwa wa moto. Jasho likamtoka Mbarouk, tone jeusi likateremka puani na kudondoka kwenye wali wake mweupe. Wazee wakaacha kutafuna.

“Mwanangu, nini hicho kinachokutiririka?” bibi yake Nasriya aliuliza.

“Jasho tu, bibi.”

Kisha akaufinyanga haraka ule wali wenye weusi, akautia mdomoni, akameza. Tone la pili likadondoka, nalo akalila.

Kinyaa kikampanda Nasriya. Upara angeishi nao miaka hamsini. Mbarouk akamnyooshea mikono amnawishe, huku akitabasamu, meno ya mbele yote meusi, naye Nasriya akaliinua jagi, asijue aanze na mikono au na kichwa.