Tathmini ya Lango la Pili

Werema, mlinzi wa lango, alianza na viatu vya mgeni. Vilikuwa vimepigwa rangi, na mtu aliyetoka kijiji cha Robanda katika vumbi la Septemba hawezi kufika na viatu vinavyong'aa.

"Mura, fungua," alisema Nchagwa kutoka upande wa pili wa lango, akimwita kijana mwenzake kwa Kikurya. Alikuwa amembeba mikononi binti yake, Nyangi, aliyefunikwa blanketi hadi utosini. "Homa haijashuka tangu jana. Pikipiki imeishiwa mafuta pale kwenye kalavati. Gari la kambi linaweza kumfikisha hospitali ya Mugumu."

Werema hakufungua. Walinzi wa kambi ya watalii walikuwa wamemaliza mafunzo ya siku tano, na barua ilikwisha kusema kwamba tathmini ingefanyika wiki hiyo, bila kutangazwa, kwa kumtuma mtu wa kuwajaribu. Atakayefaulu angepewa ajira ya kudumu. Atakayeshindwa angefukuzwa kama mlinzi mwenzao Anold, ambaye mwezi Machi alimfungulia mjomba wake aliyekuwa akichechemea, na nusu saa baadaye akamwona mjomba huyo akila chakula cha mchana pamoja na watathmini, miguu yote miwili ikiwa mizima.

"Atakayetaka mfungue atakuja na mgonjwa," mkufunzi wao, Philomena, aliwaambia darasani. Werema aliliandika hilo na kulipigia mstari.

"Koti la kanisani siku ya Jumanne?" aliuliza.

"Nimelivaa ili wakubwa wako wasinione mwizi."

Jibu lilikuja haraka mno, kama lililokaririwa.

Wawili hao walitahiriwa Itiryo asubuhi moja, kwa kisu kimoja. Walikuwa saro moja, rika la waliotahiriwa pamoja. Mtu wa saro yako humnyimi kitu, naye hakutegi. Werema alikiri moyoni kwamba watathmini walikuwa wamefanya utafiti wao vizuri. Kilichomuuma ni kwamba walipobisha hodi kwa Nchagwa, mlango ulifunguliwa.

"Wamekuahidi nini?"

"Nani?"

"Usinichezee, Nchagwa. Anold walimtafutia mjomba. Mimi wamenitafutia wewe, nawe ukakubali."

Nchagwa alisogea karibu. "Sijaja kuomba kazi yako, mura. Naomba gari." Kisha akalisogeza blanketi hadi likagusa nondo za lango. "Mguse, basi."

Mkono wa Werema uliinuka, ukashuka. Sehemu ya nne ya mwongozo ilikataza kumgusa mgeni asiye na kibali. Redio ilikuwa kiunoni, lakini Anold alikatwa alama pia kwa kuisumbua ofisi na mambo ya langoni.

"Waambie nimefaulu," alisema Werema. "Na siku ukienda nyumbani Itiryo, usilitaje jina langu."

Alifungua daftari la wageni na kuandika: *Saa 3:40. Mwanamume mmoja, mtoto mmoja. Hawana kibali. Wamerudishwa.* Alipoinua macho, Nchagwa alikuwa amekwisha kugeuka, akishuka taratibu kuelekea kwenye kalavati, bila kuangalia nyuma. Hata mwendo ule Werema aliuona umefundishwa.

Saa sita gari la watathmini lilisimama langoni. Werema aliomba vitambulisho, akavikagua kimoja kimoja, ndipo akafungua. Philomena alitabasamu na kuweka alama kwenye fomu.

"Shikamoo, mama. Mimi mmenipima," alisema Werema, akimkabidhi daftari. "Ila mngetafuta mtu mwingine. Yule ni saro yangu."

Philomena aliusoma mstari ule mara mbili.

"Mtu wetu ni Simioni," alisema, akionyesha kiti cha nyuma, alikoketi kijana aliyefungwa bandeji safi kichwani. "Tairi lilipasuka njiani, ndiyo kwanza tunafika. Huyu uliyemwandika, alivaa koti jeusi?"

Werema aliitikia kwa kichwa.

"Tumempita pale kwenye kalavati, amekaa chini, kapakata mtoto. Nikamwambia apande, tugeuze gari tumpeleke Mugumu." Philomena alilifunga daftari. "Amekataa. Amesema hana haraka tena."