Beseni la Dokta Kasmiri

Miguu ilikuwa safi. Mama Ng'washi aliisugua kwa jiwe asubuhi ileile kabla ya kupanda basi la kutoka Lagangabilili. Hata hivyo maji ya beseni la mashine, lenye vyuma viwili vilivyoungwa kwa waya kwenye betri ya gari, yalikuwa yanageuka kahawia, mazito, yenye povu juu, kama supu ya utumbo usiooshwa.

“Mnaiona?” Dokta Kasmiri alitangaza. “Hiyo ni sukari ya miaka yote, inatokea kwenye nyayo!”

Watu waliojazana kwenye chumba kile cha mtaa wa Somanda, mjini Bariadi, wakasogea kuchungulia, tena kwa raha zao. Mzee Mboje, aliyekuwa ametangulia kutibiwa, akaringa kwamba uchafu wake yeye ulikuwa mweusi zaidi. Ptuu! Watu wazima wanashindana kwa uchafu!

Mlangoni alisimama Ngeleja, fundi umeme, mkoba wa kazi begani. Alikuwa amepita tu kuchungulia. Alipoona kwamba miguu iliyomo kwenye beseni ni ya mama yake mzazi, akapenya katikati ya watu hadi mbele.

“Mayu! Umekuja lini Bariadi?”

“Leo, ng'wana wane, mwanangu. Nimekuja kutibiwa, sikutaka kukusumbua. Vidonge vya hospitali nimeshavimwaga chooni. Dokta kasema haviendani na mashine.”

Ngeleja akamtazama Kasmiri. Kasmiri akatazama ukuta.

Kidole gumba cha mama kilikuwa na kidonda, nacho kimezama kwenye tope lile. Mwaka jana mama yake mdogo alikatwa mguu kwa sukari hiyohiyo, akafa bila kuiona pamba ya msimu ule ikivunwa. Mama akikaa bila dawa, anayefuata ni yeye. Ngeleja alihisi kinyaa mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

Akachutama, akatoa mita, akaibana kwenye waya uliotoka kwenye betri ya gari.

“Tulia hivyohivyo, mayu. Betri hii ni volti kumi na mbili. Umeme unaopita majini ni ampea mbili. Gawanya volti kwa ampea, ukinzani ni omu sita. Zidisha, unapata wati ishirini na nne. Haya, toa miguu.”

“Muda wangu haujaisha.”

“Toa!”

Mama akaitoa, ikichuruzika. Ngeleja akainua mita ili kila mtu aone. Ampea mbili, vilevile.

“Omu sita zilezile, wati zilezile. Mashine haina habari hata kama una miguu!”

“Fundi, unawachanganya wagonjwa wangu,” Kasmiri alisema.

Ngeleja akaliinua beseni. Akamwaga yale machafu, akatia maji safi, akakoroga chumvi, akarudisha vile vyuma viwili. Hakuna aliyeingiza hata kidole. Wakasubiri. Maji yakaanza kuwa ya njano, yakawa kahawia, kisha povu lilelile la kutapisha likapanda.

“Chuma kinaliwa na umeme kwenye maji ya chumvi. Mnachokishangilia hapa ni kutu.”

Mzee Mboje akajifuta nyayo kwenye suruali yake. Mama mmoja akakimbilia nje amejiziba mdomo.

“Kwa hiyo dawa zangu nimezimwaga kwa ajili ya kutu?” Mama Ng'washi aliuliza, machozi yakimlengalenga.

“Hospitali watakupa nyingine, mayu. Leo hii hii.”

Akamkausha kidonda kwa shati lake mwenyewe, akampakia kwenye bodaboda, akamwambia atangulie, yeye anakuja nyuma. Watu wakampa mkono. Mzee Mboje alimshika bega, akasema laiti kila mzazi angekuwa na mtoto wa namna ile. Wengine walimgeukia Kasmiri kwa matusi ya nguoni, na kabla ya kuondoka wakammwagia beseni zima kifuani.

Chumba kilipobaki kitupu, Ngeleja akarudi ndani, akafunga mlango.

Kasmiri alikuwa anakamua shati. “Yaani mashine umeiunda kwa mikono yako, halafu unanivua nguo mbele za watu?”

“Yule ni mama yangu, mnyama wewe!” Ngeleja akachomoa waya kwenye betri, akaukunja taratibu, akaufunga kwa raba. “Jumatatu nitakuwekea vyuma vipya. Ila hamia Malampaka. Kule sina ndugu.”