Mkubwa Husema Mwisho

Kwa jina la Mola, Mjuzi wa kila mwenye kuketi na kila mwenye kuondoka, twaanza.

Waliketi kwa daraja zao. Kichwani mwa meza, mzee mwenye kiwanda cha sabuni. Kuumeni kwake mwanawe mkubwa, mkuu wa mauzo. Kushotoni mdogo, mkuu wa mitambo, shati limemganda mwilini kwa maji ingawa dirishani jua lilikuwa kali. Mkabala nao, wanafunzi watatu wa biashara waliokuja kuwahoji wakuu wa kiwanda. Aliyewaongoza alikuwa mjukuu wa mzee, binti wa yule mwana mkubwa. Aliingia bila kumwamkia baba yake, na mzee akapendezwa: kazini hakuna baba wala mwana.

"Hapa tuna kanuni," mzee aliwaambia. "Mkubwa husema mwisho. Akitangulia yeye, wadogo humeza maneno yao."

Katibu akaleta chai, akawapita wale wana wawili.

"Kaka, umewaudhi tena jikoni," mdogo akanong'ona.

"Na hawa wapewe," mzee akaamuru. Katibu akainamisha macho, akaviweka vikombe viwili zaidi.

Mwanafunzi mrefu akauliza, "Kiwanda kikipata hasara, nani huambiwa kwanza: mwenye hisa au mfanyakazi?"

"Mfanyakazi," mkubwa akajibu. "Mwenye hisa ana akiba, mfanyakazi ana watoto."

"Mwongo huyu!" mdogo akadakia. "Wa kwanza kuambiwa ni mkewe."

Mzee alicheka hata akafuta machozi. Mjukuu hakucheka, ingawa aliyetajwa ni mamaye. Kalamu za wanafunzi zilikuwa zimelala. Ziliamka mzee alipotamka, "Mfanyakazi. Ana watoto."

Wa pili akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, uamuzi upi unaujutia?"

Mdogo akatazama maji yakimdondoka vidoleni.

"Hilo usilijibu, baba," mkubwa akasema kwa upole.

"Swali jingine," akasema mzee.

Mjukuu akakohoa kidogo. "Babu, nani atashika funguo baada yako? Wenye hisa wamechoka kungoja. Leo usipomtaja mtu, wanauza, na wafanyakazi wote wale chini watarudi nyumbani mikono mitupu."

Kanuni ni kanuni. Mzee akageukia kuume.

"Mpe huyu huyu binti," mkubwa akasema. "Uso ni wa mama yake, lakini ukaidi ni wako."

Akageukia kushoto.

"Mitambo haitamchezea shere," mdogo akasema. "Nimemfundisha kuisikiliza tangu hajafika kimo cha meza hii."

"Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana, baba."

Mzee akazitoa funguo mfukoni, akazisukuma mezani hadi mbele ya mjukuu wake.

"Ni wewe," akasema. "Lakini huu si uandishi, mwanangu. Tangu tumeketi, mbona huandiki hata neno moja la baba yako?"

Binti akazipokea funguo kwa mikono miwili. Akavitazama vile vikombe viwili vilivyopoa, na viti viwili vitupu nyuma yavyo.

"Babu," akasema, "Mola awarehemu baba na baba mdogo, waliokwenda na lile daraja lilipovunjikia mtoni, na atupe subira sisi tuliobaki."