Onyo la Tatu

Tunu, asiyeona tangu utotoni, alikuwa peke yake chumbani akifanya mtihani wa chuo mtandaoni. Kompyuta ilimsomea swali la kwanza, kisha kwa upole uleule ikasema: "Onyo la kwanza. Tazama kamera."

Akageuza uso kuelekea alikodhani iko.

"Onyo la pili. Kuna mtu anaongea humo. Likifika la tatu, mtihani unafutwa."

"Mtu gani tena, jamani?" alinong'ona. Ndipo akang'amua: mtu huyo ni sauti ileile inayomsomea.

Akaizima. Kimya.

Ukumbini zikaja ndara za mama yake, kijiko kikigonga kikombe cha chai. Mama hakuwahi kuingia chumba cha mtu bila kupiga hodi, na haachi mpaka aitikiwe.

Ndara zikasimama mlangoni.