Maombi ya Mara ya Pili

Mwinjilisti aliposema amina, bibi mgonjwa alikuwa akibubujikwa na machozi, na jasho la paji lake lilikuwa limelowesha kiganja cha mwinjilisti.

"Mume wangu, simu haikurekodi," mkewe alinong'ona, amesimama miguuni pa kitanda.

Mwinjilisti akaona ametwanga maji kwenye kinu. Akainama.

"Bibi, turudie kidogo tu. Na ukiweza, lia vilevile kama mwanzo."

Bibi akajifuta mashavu kwa ncha ya shuka, akajiweka sawa kwenye mto, mtiifu kama mtoto. Kisha wasiwasi ukamwingia.

"Kwani yale maombi ya kwanza, baba, Mungu hakuyasikia?"

Uso wa mwinjilisti ukamwaka moto. Kiganja chake kilikuwa bado kimelowa.

"Nianze?" mkewe akauliza, simu iko juu.